Ngoma Ilivyohamia Juni

Wiki moja baada ya ninyi wa ofisini kuniaga nilipostaafu, kwa pilau na doti ya khanga, mmoja wenu alinipigia simu kuniuliza ufunguo wa kabati la mabango uko wapi. Nikamwambia uko juu ya kabati lenyewe, ulikokuwa siku zote. Akacheka, kisha akauliza jambo la pili: "Mama Upendo, ukipewa kampeni mpya, wewe unaianzia wapi?" Hilo sikuweza kulijibu kwa simu. Nilikuwa shambani Lulindi napalilia kunde, na mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Sasa nimekaa chini kulijibu.

Kwanza jina la kazi yenyewe. Nilipoajiriwa tuliiita utetezi. Baadaye ikawa ushawishi, kisha uchechemuzi, kisha uraghibishi. Jina lilibadilika kila alipobadilika mfadhili. Kazi haikubadilika. Kuna jambo linawaumiza watu, kuna mtu mahali fulani mwenye uwezo wa kuliondoa, na kati yao kuna njia. Wewe unalipwa kuitafuta hiyo njia kabla hujaanza kupiga kelele. Wengi wetu huanza na kelele, kwa sababu kelele hupendeza kwenye picha.

Mimi nilitoka kufundisha chekechea. Siku ya kwanza nilifika ofisini Masasi na sketi iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, nikitegemea kuonyeshwa meza. Mratibu wetu alikuwa Mama Chilumba, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa amefundisha sayansi kimu shuleni kwa miaka mingi kabla ya kuingia kwenye asasi, na aliipanga kazi yetu kama mtu anayepanga jiko.

"Shikamoo mama," nilimwambia.

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Basi nenda sokoni. Kaa, tazama, usinunue kitu. Ukirudi uniambie nani akisema jambo hapa Masasi, wenzake wanaacha wanachokifanya."

Nilirudi mchana nikamtajia mkuu wa wilaya, padri na shehe. Akaniuliza kama nimewaona sokoni. Nikasema sikuwaona. "Basi rudi," akasema. Nikarudi. Jioni nilikuwa na jibu jingine. Kulikuwa na mama muuza dagaa, mwenye sauti nyembamba kama ya mtoto. Alitazama juu ya milima ya mawe inayouzunguka mji, akasema mvua inakuja, na safu nzima ya wauza mboga ikaanza kufunika vitu. Mvua haikuja. Nilidhani hilo linaharibu jibu langu. Kumbe ndilo lililomfurahisha Mama Chilumba kuliko yote.

"Huyo ndiye," alisema. "Hata akikosea wanamfuata. Sasa umeanza kazi."

Alitufundisha kwamba kampeni ni harusi. Kila mtu anaijua siku ya kula, lakini harusi inafaulu au inaharibika kwenye vikao vya mwanzo, pale mnapojiuliza ni nani asipoalikwa atanuna. Alikuwa anabandika bango kitita ukutani, anachora duara katikati na kuandika jina la mtu mwenye kuamua. Jina la mtu, si la ofisi. Ukimwandikia "Halmashauri" alikuwa anauliza, "Halmashauri anakaa nyumba gani?" Kisha anachora wale ambao huyo mtu huwasikiliza. Mwisho, akiwa ameshika maka peni nyekundu, anauliza swali ambalo vijana hulikimbia mpaka leo: tukishinda, nani atapoteza? Alisema aliyepoteza bila kuulizwa hana haja ya kukupinga mkutanoni. Anakaa kimya tu, na mambo yako hayaendi.

Vifaa vyetu vilikuwa hivyo: mabango, maka peni, gundi ya karatasi, na kipaza sauti cha mkononi kilichohitaji kupigwa kofi ndipo kizungumze. Baadaye tulipata projekta. Nimeibeba hiyo projekta kwenye kata nyingi za Masasi na Newala, na nakumbuka vizuri zaidi siku ambazo umeme haukuwepo, kwa sababu ndizo siku ambazo watu walizungumza. Msiitupe. Ila bebeni na bango.

Kazi ya kwanza niliyoiongoza ilikuwa matuta ya barabarani upande wa Ndanda. Watoto wa shule walikuwa wanavuka barabara kuu, na magari yanayoteremka hayana subira. Tulikuwa tumeshaandaa maandamano, fulana zimechorwa. Mama Chilumba akatuuliza nani anaamua. Tukatafuta, tukakuta ni mhandisi mmoja aliyekuwa anakaa Mtwara mjini. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwona. Badala ya kuandamana tukamwalika aje asimame nasi barabarani wakati shule inatoka, basi. Akaja, mtu mpole, na mwavuli. Watoto walipoanza kuvuka, aliuangusha mwavuli na kukimbilia katikati ya barabara kusimamisha lori kwa mikono yake. Aliporudi kando alikuwa anatweta. Matuta yalijengwa, na zile fulana tulizivaa siku ya kuyazindua, kwa hiyo hazikupotea bure.

Nimeyataja hayo ili mjue nilikuwa na mafunzo gani nilipofika kwenye kampeni yangu kubwa ya mwisho, ile ya Newala. Wakati huo Mama Chilumba alikuwa ameshastaafu, anaishi Ndanda na bustani yake ya mchicha, na mimi ndiye niliyekuwa nashika maka peni nyekundu.

Ilianza na shule moja ya msingi nje kidogo ya Mkunya. Kule, kama mnavyojua, msimu wa unyago huja mavuno yakishaingia ndani, na katika vijiji vile ulikuwa umezoea kuangukia Agosti na kuendelea. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba. Msichana anaingia unyagoni, anatoka kwa shangwe, nguo mpya na zawadi, na darasani anarudi akiwa amechelewa, au anaona haya kurudi kukaa na watoto kwa kuwa sasa ni mtu mzima. Septemba ya mwaka ule, msichana aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu hakuufanya mtihani. Nilimkuta nyuma ya nyumba yao akimenya mihogo. Alinipa shikamoo kwa adabu, akaniuliza kama ofisi yetu ina kazi yoyote ya kuhesabu. Nilikaa naye tukamenya mihogo yote. Yeye tulimpatia nafasi ya kurudia darasa kabla hata hatujaandika mpango wowote. Lakini nyuma yake walikuwa wanakuja wengine.

Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Sanga, mtu wa Njombe, ambaye baridi ya Newala inayotutia sisi makoti yeye aliiita hali ya hewa nzuri. Aliwapenda wanafunzi wake na alikuwa amechoka.

"Mimi nataka sheria ndogo," aliniambia. "Mzazi akimtoa mtoto darasani kwenda unyagoni, atozwe faini. Wawili watatu wakitozwa, wengine watashika adabu."

"Mwaka huu ulifanyaje, mwalimu?"

"Niliwaandikia barua."

"Wakajibu nini?"

Akavua miwani, akaifuta. "Walinialika kwenye ngoma."

Mfadhili naye aliipenda sheria ndogo, maana sheria ni kitu unachoweza kukipiga picha ikisainiwa. Tukaitisha mkutano wa hadhara, spika kubwa, viti vya wageni. Nilieleza kwamba ngoma ihamie likizo ya Juni. Watu walinisikiliza kwa heshima, wakapiga makofi, wakaenda zao. Nimehudhuria mikutano ya kutosha kujua makofi ya kukubali na makofi ya kukuruhusu uondoke. Yale yalikuwa ya pili.

Nilikunja bango langu, nikapanda basi mpaka Ndanda kwa Mama Chilumba. Alinipokea kibarazani kwake, akalikunjua lile bango juu ya meza na kuliwekea vikombe pembeni lisijikunje.

"Faini ni ndimu, Mama Upendo," alisema. "Unaikamua mwishoni, chakula kikishaiva. Wewe unataka kuichemsha na maji ya kwanza. Nani anapanga tarehe ya ngoma?"

"Wazee wa kijiji. Na nyakanga."

"Nyakanga umemwona?"

"Hakuja mkutanoni."

"Hakuja, au hakualikwa?"

"Tangazo lilikuwa la watu wote, mama."

"Tangazo la watu wote si mwaliko wa mtu," akasema, akanimiminia chai. Nikala chapati zake na kurudi.

Nyakanga ndiye mwanamke anayeongoza unyago, na wa kijiji kile alikuwa Bi. Namkopi. Nilimkuta asubuhi anachoma vitumbua mbele ya nyumba yake. Alikuwa mwembamba, na nilipomsogelea niliona amekwisha kunitazama kitambo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa ule mkutano wa maspika?"

"Ndiye mimi."

"Nilikusikia nikiwa hapahapa. Spika zenu zina nguvu." Akageuza kitumbua. "Umechezwa wewe?"

"Nimechezwa, bibi. Lulindi. Unyago wa kanisani."

"Aa. Ule wenye chai na mkate."

"Na maandazi."

Akacheka mpaka akaweka chini kile kijiti cha kugeuzia. Akanipa kigoda, akanipa kitumbua cha moto, nikajua nimeingia. Lakini kuingia si kukubaliwa.

"Mlitangaza tarehe," alisema alipomaliza kucheka. "Tarehe ya ngoma haitangazwi mbele ya nyakanga. Huombwa."

"Basi leo nimekuja kuomba."

"Omba."

Nikaomba. Nilimwambia sitaki ngoma ife wala ipunguzwe. Nataka wasichana wachezwe Juni shule zikiwa zimefungwa, watoke kwa shangwe yao yote, wapumzike, warudi darasani na Septemba wafanye mtihani. Nilimweleza habari za yule msichana wa hesabu. Alikuwa anamjua. Yeye ndiye aliyemcheza.

"Yule mtoto," alisema polepole, "aliniambia ataikosa mitihani. Nikamwambia mitihani ipo kila mwaka. Sikujua kwamba ile ya la saba ukiikosa mlango unafungwa. Hakuna aliyekuja kunikalisha akaniambia. Mwalimu anaandika barua, mimi barua sisomi." Akaipua vya mwisho. "Juni sina tatizo nayo. Mtama umevunwa, kunde zipo, hakuna mvua."

Hapo ndipo nilipotaka kuinuka na kushukuru. Nikakumbuka kwamba bado kuna swali moja. "Bibi, tukihamia Juni, nani atapoteza?"

Alifikiri. "Mimi sipotezi. Kamwulize Saidi."

Saidi Mpota alikuwa fundi pikipiki mjini Newala, kijana wa makamo, na kiongozi wa kundi la wapiga ngoma. Kwao hasa kulikuwa kijiji kilekile. Jina lake halikuwepo kwenye bango langu, wala la mpiga ngoma mwingine yeyote. Nilimkuta gereji, mikono imejaa grisi, injini imelala vipande vipande juu ya gunia. Nilipomweleza aliendelea kukaza nati mpaka nikamaliza.

"Dada yangu," alisema, "mimi nakubaliana na wewe kwa kila kitu, na jambo lako haliwezekani."

"Kwa nini?"

"Msimu wote sisi tunazunguka. Tukitoka kijiji hiki tunakwenda kile. Ndiyo maana ngoma zinaanza Juni na kumalizika shule zikiwa zimefunguliwa zamani. Watu wanadhani wazee wanapenda Agosti. Wazee wanangoja sisi tufike. Sasa unataka vijiji vyote vicheze ndani ya likizo moja. Mimi ni mtu, si redio. Siwezi kusikika kila mahali kwa pamoja."

Nilikaa juu ya tairi kuukuu nikaanza kucheka. Si kwa kudharau. Ni ile furaha ya kuona mlango ulipo baada ya kupapasa ukuta mzima. Tulikuwa tunataka kuwatoza faini wazazi, na kumbe wazazi walikuwa wanangoja ngoma.

Saidi hakucheka. "Kuna jambo jingine," alisema. "Binti yangu Zuhura anaingia la saba mwakani. Ana akili. Nimewatolea watu watoto wao darasani kwa ngoma yangu, na sikulifikiria mpaka ilipokaribia zamu yangu. Mkipata njia, mimi nipo."

Njia ilikuwa palepale alipokaa. Nilirudi Masasi, nikabandika bango jipya, nikaandika lengo kwa sentensi moja kama nilivyofundishwa: kila kijiji cha kata kipate wapiga ngoma wake kabla ya likizo ya Juni. Wenzangu walilisoma mara mbili wakidhani nimekosea faili. Mfadhili aliandika kuuliza ngoma zinahusianaje na haki ya elimu. Nilimjibu kwa mstari mmoja: "Wasichana wanakosa mtihani kwa sababu wapiga ngoma ni wachache." Jibu lake lilikawia, nadhani lilizunguka ofisi nyingi, lakini lilipofika lilisema endeleeni. Ndiyo ripoti pekee katika maisha yangu iliyokuwa na kifungu cha kununua ngozi za mbuzi.

Vijana walijitokeza wengi kuliko ngoma zilizokuwepo. Tuliwaomba wazee ruhusa ya kuwafundisha, nao wakakubali ilimradi Saidi ndiye mfundishaji na nyakanga ndiye mwenye kusema nani amefuzu. Mwalimu Sanga alitoa uwanja wa shule, jioni, kwa shingo upande. Alikuja kusimamia nidhamu. Siku za mwanzo alisimama pembeni na mikono nyuma. Baadaye alikaa. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa anajifunza na wenzake, na naomba niseme bila chuki kwamba hakuwa na kipaji chochote.

Bi. Namkopi aliwapima mmoja mmoja, amekaa kwenye kiti cha ofisi ya mwalimu kilichotolewa nje kwa heshima yake. Hakuwa na huruma. "Huyu anatwanga mihogo. Rudi nyuma. Huyu ana mikono lakini hana masikio. Huyu, haya, huyu mpeni ngoma kubwa." Mwalimu Sanga alipopimwa, bibi alimsikiliza kwa muda mrefu, akainamisha kichwa, akasema, "Wewe, baba, endelea kufundisha hesabu." Uwanja mzima ulilala kwa kicheko, na mwalimu mwenyewe alicheka kuliko wote. Kuanzia siku ile wazazi waliokuwa wanapita mbali na ofisi yake walianza kuingia kumsalimu. Hakuna bango lililowahi kunifanyia kazi kama ile sentensi.

Kisha wazee walikaa na nyakanga, na tarehe ikatoka kinywani mwake, si kwenye spika zetu: Juni, shule zikifungwa tu. Vijiji vya jirani vikaja kumwuliza kulikoni, akawajibu, navyo vikaomba Juni. Mimi nilikaa nyuma ya kikao nikinywa uji. Mpango ukienda vizuri mpangaji hana kazi siku hiyo, na ni raha ambayo haijaandikwa kwenye mkataba wowote.

Ilipofika Juni likatokea la kutokea. Kijiji cha mbali, ambacho Saidi alikuwa amekiahidi zamani, nacho kilihamishia ngoma yake kwenye likizo, na siku ikaangukia ileile ya kijiji cha kwao Saidi. Maana yake Zuhura, binti yake mwenyewe, angetolewa uwanjani baba yake akiwa anapiga ngoma kwa watoto wa wengine. Aliniambia hayo gerejini nilipopita kumsalimu.

"Nikivunja ahadi kule," alisema, "watangoja mpaka nipate nafasi, na itakuwa Agosti tena. Nimewaambia vijana wa nyumbani wataianza ngoma wenyewe."

"Wataweza?"

"Sijui," alisema. Nilimwona anavyoumia.

Asubuhi ya siku hiyo ukungu ulipanda kutoka bondeni ukafunika kijiji, baridi ya kupenya khanga mbili. Wasichana walikuwa ndani na nyakanga, na ya ndani si ya kuandikwa hapa. Nje, watu wamejaa, ndugu wametoka Masasi na Mtwara. Kijana aliyepewa ngoma kubwa, Hamisi, aliinua mikono akapiga. Ngoma ikatoa mlio wa gunia la unga. Ngozi ilikuwa imenyonya ukungu. Akapiga tena, ileile. Watu wakaanza kutazamana, na mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya kusikika kwamba Agosti hakuna mambo haya. Niliwaza ile sheria ndogo, niliwaza mfadhili, nikawaza zaidi wale watoto waliokuwa ndani wakingoja kusikia.

Hamisi hakutafuta mtu wa kumtazama. Aliwaita wenzake, wakakusanya majani makavu ya mikorosho, wakawasha moto pembeni ya uwanja na kuzigeuza ngoma kuelekea kwenye joto, wakizizungusha kama watu wanaoota vidole. Kila mara aligusa ngozi kwa kidole kimoja na kutega sikio. Tulingoja wote. Kisha akagusa, na ngoma ikajibu. Ilikuwa sauti ndogo tu, lakini uwanja mzima uliisikia, na mama mmoja akapiga kigelegele kabla ngoma haijarudishwa mahali pake.

Walipiga mpaka ukungu wenyewe ukaondoka. Sijui kuieleza ngoma kwa maneno, na waliozaliwa huku hawahitaji nieleze. Mchana, wasichana walipotolewa kwenye khanga zao mpya, nilisikia pikipiki inaingia kwa kasi. Alikuwa Saidi. Kule alikoahidi walikuwa wamepumzika kula, naye akakimbia. Vijana walipomwona, Hamisi alisogea kumpisha kwenye ngoma kubwa. Saidi alitikisa kichwa. Alisimama pembeni na kofia ya pikipiki kichwani, hakuivua, nadhani kwa sababu alikuwa analia. Zuhura alipita mbele yake macho chini kama inavyotakiwa, lakini nilimwona anatabasamu. Saidi alisikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, akapanda pikipiki, akarudi kwenye ahadi yake.

Septemba nilipanda Newala tangu siku iliyotangulia, kwa kisingizio cha kukusanya picha za ripoti. Asubuhi ya mtihani Mwalimu Sanga alisimama mlangoni akiwahesabu wasichana wa la saba kwa kutikisa kichwa, na hapakuwa na dawati lililobaki tupu. Alikuja akanishika mkono, akaushika kwa muda mrefu kuliko kawaida ya watu wa Njombe, akaenda zake.

Mtihani ulipoanza, Bi. Namkopi akatokea, amevaa khanga yake nzuri, akaja moja kwa moja hadi kwenye uzio. Msimamizi, kijana mgeni, akamfuata haraka.

"Bibi, samahani, watu wa nje hawaruhusiwi karibu na chumba cha mtihani."

"Mimi si mtu wa nje. Wale ni wali wangu, nimewacheza mimi."

"Naelewa bibi, lakini ndiyo taratibu."

Alimtazama yule kijana juu mpaka chini. Nikajiandaa kuingilia kati. Lakini yeye alikuwa mtu wa taratibu maisha yake yote, na alijua kwamba kila kumbi la unyago lina mlango na mwenye mlango. "Sawa," alisema. "Nitakaa ng'ambo ya njia. Ila waambie nipo."

Msimamizi hakuweza kuwaambia, nalo ni taratibu. Mwalimu Sanga ndiye aliyekwenda ofisini, akabeba kile kiti chake mwenyewe kichwani, akavuka nacho njia na kumwekea kivulini mwa mkorosho. Nilikwenda nikakaa chini pembeni yake. Tulisikiliza kuku na upepo wa kule juu. Mara moja aliniuliza wanaandika nini muda wote huo. Nikamwambia hesabu. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo zito.

Kengele ilipolia, walitoka mmoja mmoja, wamechoka, vidole vina wino, Zuhura kati yao na yule msichana wa hesabu mbele yao wote. Walimwona ng'ambo ya njia, wakasimama, kwa sababu mwali hamkimbilii nyakanga wake bila kuitwa. Bi. Namkopi aliinuka kwenye kiti cha mwalimu mkuu, akaweka kiganja mdomoni, akapiga kigelegele kirefu mpaka msimamizi akachungulia dirishani. Ndipo walipokimbia.